Jukwaa jipya la Anfield Road: macho yanashiba, masikio yanabaki na njaa

Watu wa nyumbani Tanga wameniuliza swali moja kwa njia nyingi: lile jukwaa jipya la Anfield, uwanja wa Liverpool, lina uzuri kweli, au ni kamera tu? Lina uzuri kweli, na ukipata tiketi ya pale usiiachie. Lakini nimekaa kule juu, nimesikiliza waliokaa jirani yangu, na nina ya kusema kuhusu ngazi, sauti na bei, na zaidi ya yote kuhusu viti vile vipya wamepewa akina nani.

Kwa asiyefuatilia, hesabu iko hivi. Kabla ya 2016 Anfield ilikuwa inachukua watu 45,000 hivi. Septemba ya mwaka ule likafunguliwa Jukwaa Kuu lililoongezewa sehemu ya juu, viti kama 8,500 zaidi, uwanja ukafika 54,000. Tarehe 30 Septemba 2021 Jürgen Klopp, kocha wetu wa wakati ule, akashika koleo upande wa Anfield Road kuanzisha kazi ya pauni milioni 80, ya kuongeza viti 7,000. Leo uwanja unapita 61,000. Yaani Anfield na uwanja wetu wa Kwa Mkapa pale Temeke, wenye viti 60,000, sasa vinakaribia kulingana. Tofauti kubwa ni kwamba Kwa Mkapa kuna njia ya riadha kati yako na mchezaji, na Anfield hakuna. Hata ukikaa safu ya mwisho kabisa ya jukwaa hili, uko nyuma ya goli na juu yake, hakuna kitu katikati.

Kazi yenyewe ilisumbua. Jukwaa lilitakiwa liwe tayari Agosti 2023, msimu unapoanza. Mkandarasi, Buckingham, akafilisika mwanzoni mwa Septemba, ikabidi iitwe kampuni nyingine, Rayner Rowen, imalizie. Miezi ile tulikuwa tunaona kwenye runinga watu wamejaa chini na juu yao viti vitupu, na kila aliyekuwa kwenye foleni ya tiketi alikuwa akivihesabu. Sehemu ya juu ilianza kupokea watu tarehe 17 Desemba 2023, siku ya sare ya 0–0 na Manchester United, wakaingia 57,158. Haikupita miezi miwili, mechi ya Burnley ya tarehe 10 Februari 2024 ikaingiza 59,896, na rekodi ya mechi za ligi pale Anfield, iliyokuwa imekaa tangu Desemba 1949, ikavunjwa.

Mimi naishi Birmingham, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Tulikwenda na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 12, kwenye mechi ya Bournemouth ya Septemba 2024. Yeye amezaliwa huku na hajawahi kuonja raha ya kibanda umiza, kwa hiyo Liverpool kwake ni kitu cha simu na cha runinga ya sebuleni. Mimi Liverpool yangu ni ya Ngamiani, Tanga, ya usiku wa fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Istanbul 2005, watu wamebanana mbele ya runinga moja, tumefungwa matatu hadi mapumziko, kuna waliokwenda kulala na wakaja kujuta waliposikia tumechukua kombe. Kumpeleka yule mtoto uwanjani nilikuwa nimeahidi kwa muda mrefu, kwangu mwenyewe na kwa mama yake.

Kwanza geti. Tiketi iko ndani ya simu. Unaigusisha kwenye kifaa cha geti, taa inageuka kijani, chuma kinazunguka, umeingia. Hakuna karatasi, hakuna kijana wa kuchana tiketi. Mbele yetu kulikuwa na baba mmoja ambaye simu yake ilikuwa imezima kwa kuisha chaji. Nilimwona akiomba chaja kwa watu asiowajua, na wasimamizi wakamchukua pembeni kwa upole kumsaidia. Hapo nawapa sifa. Wasimamizi wa upande huu wanajua kazi, wanajibu maswali, na walimwonyesha mpwa wangu mlango wetu bila kumharakisha. Chaji simu mpaka ijae kabla hujapanda treni.

Kisha ngazi. Ni nyingi na zimesimama, wala sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Mtu mwenye magoti mabovu aombe mapema kiti cha chini au maelekezo ya lifti. Ukishafika juu kuna ukumbi mpana wa vyakula na vyoo, mpana kuliko ule wa majukwaa ya zamani, na foleni ya choo wakati wa mapumziko ilisogea. Sheria ya Uingereza hairuhusu kunywa pombe ukiwa unautazama uwanja, kwa hiyo wengi wanabaki mle ukumbini na bia zao mpaka dakika ya mwisho, halafu wanatoka wote kwa pamoja mwamuzi akiwa anakaribia kupuliza filimbi. Ukitaka kufika kwenye kiti chako kwa amani, toka mapema. Utapata pia kuwaona wachezaji wakipasha misuli, na kwa mtoto hiyo ni nusu ya raha.

Sasa lile lango la kutokea nje. Unatoka kwenye ukumbi wenye kivuli, unapita kipenyo kifupi cha zege, na ghafla nyasi yote iko chini yako. Mpwa wangu alisimama pale pale njiani, watu wakampita kushoto na kulia, nikamwacha. Kijani cha nyasi ile kwenye runinga hakitoki hivyo.

Kwa kuona mpira, jukwaa hili nalipa alama zote. Mwinuko ni mkali, kwa hiyo kichwa cha mtu wa mbele hakikuzuii hata akiwa mrefu. Na ukiwa nyuma ya goli, juu vile, unaona kitu ambacho runinga haikuonyeshi: umbo la timu. Unaona mabeki wa kati wanavyosogea pamoja, unaona pengo linafunguka kabla pasi haijatoka. Dakika ya 26 beki wetu Konaté aliinua kichwa. Kutoka kwetu juu ilionekana wazi kwamba nyuma ya mabeki wa Bournemouth kuna uwanja mtupu na Luis Díaz ameshaanza kukimbia. Jirani yangu akasema, "Mpe!" na mpira ukatoka. Mrefu, juu ya wote. Kipa Kepa akatoka golini akachelewa, Díaz akampita akamalizia. Dakika mbili baadaye Díaz tena, safari hii kwa pasi ya Trent Alexander-Arnold. Dakika ya 37 Darwin Núñez akakunja moja kutoka nje ya boksi. Mechi ikaishia 3–0. Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumefungwa pale pale na Nottingham Forest 1–0, kwa hiyo watu walikuwa wamekuja na wasiwasi, na yale magoli matatu ya kabla ya mapumziko yaliwashusha pumzi.

Alama zinapungua kwenye sauti. Jukwaa la Kop liko ng'ambo kabisa ya uwanja. Linaimba, unaliona linaimba, skafu zote juu, bendera zinapepea, na kinachokufikia ni kama robo tu. Mpwa wangu ndiye aliyegundua kwanza. Alinivuta mkono akasema, "Mjomba, wale wanapiga makofi halafu sauti inakuja baadaye." Kweli. Ni mita zaidi ya mia, na sauti haina mbio za mwanga. Unaona mikono imekutana, kisha ndipo kofi linafika. Ukijaribu kuimba nao unajikuta uko nyuma yao. Wakati huohuo, mashabiki wa timu ngeni wanawekwa jukwaa la chini la upande wetu huu huu. Kwa hiyo kuna dakika nzima nilikuwa nawasikia watu wa Bournemouth, waliokuwa wanafungwa, vizuri kuliko nilivyowasikia watu wangu.

Hili si kosa la mhandisi peke yake. Sauti inatokana na watu pia, na watu wa jukwaa la juu bado hawajazoeana. Kop ni watu waliokaa pamoja miaka na miaka, wanajua nani anaanzisha wimbo na nani anadaka. Kwetu kule juu kulikuwa na familia, wageni waliotoka mbali, vijana waliopata tiketi yao ya kwanza maishani. Wanashangilia goli kwa nguvu zote, kisha wanakaa kimya wanatazama. Nilijaribu kuuanzisha mmoja wa nyimbo za Díaz. Walioitikia walikuwa safu mbili, tatu, lakini waliitikia kwa moyo, na nina imani jukwaa hili litapata koo lake likipewa misimu kadhaa na watu wale wale.

Kushoto kwangu alikaa mzee mmoja wa Liverpool, mzaliwa wa hapo hapo, amevaa skafu ya sufu iliyopauka. Aliponisikia naongea Kiswahili na mtoto aliuliza tumetoka wapi, na nilipotaja Tanzania akaniuliza kama Tanga iko karibu na kwao Divock Origi, mshambuliaji wetu wa zamani. Nikamwambia Mombasa ni jirani zetu, na wazazi wa Origi ni Wakenya kweli. Akacheka, akanipa mkono, akasema goli la nne dhidi ya Barcelona Mei 2019, alilofunga Origi, aliliona akiwa Jukwaa Kuu na hajalipata tena neno la kulieleza.

Huyu mzee ana maoni yake juu ya upanuzi, na nayaweka hapa kwa sababu ameiona Anfield ikibadilika mara nyingi kuliko sisi. Utotoni alisimama Kop, enzi zile haina viti, watu wanawapitisha watoto juu ya vichwa vyao hadi mbele waone. Baada ya maafa ya msongamano kwenye uwanja wa Hillsborough, Sheffield, ya tarehe 15 Aprili 1989, yaliyowaua mashabiki 97 wa Liverpool, viwanja vikubwa vya Uingereza viliamriwa viweke viti kila mahali. Mwaka 1994 Kop ya kusimama ikafungwa, na jukwaa lililowahi kubeba watu zaidi ya 25,000 likabaki na viti 12,000 na kidogo. Kwa hiyo kwake yeye, haya majukwaa mapya ni kurudishiwa. "Watu waliondolewa," aliniambia, "sasa nafasi zimerudi. Swali langu ni kama waliorudi ni watoto wa wale walioondolewa." Anasema mwanawe yuko kwenye orodha ya kusubiri tiketi ya msimu tangu shuleni, na sasa ana watoto wake mwenyewe.

Ni swali zito. Katika viti 7,000 vilivyoongezwa Anfield Road, takriban 5,200 ni vya mashabiki wa kawaida na 1,800 ni vya kumbi za baa na huduma maalumu, ambako mtu analipia chakula na kiti kwa pamoja. Naelewa klabu inahitaji fedha. Haya majukwaa hayakujengwa kwa sadaka, na hela ya kumbi ndiyo inayosaidia kulipa deni la zege. Lakini mtu mmoja kati ya wanne, karibu, kwenye nafasi mpya ni wa bei ambayo baba wa mtaa wa Anfield hawezi kuigusa. Hilo lisemwe waziwazi.

Na mashabiki wa Liverpool huwa wanasema. Februari 2016, wakati Jukwaa Kuu linakaribia kukamilika, klabu ilitangaza bei mpya, na kiti cha ghali kikawekwa pauni 77. Mechi ya Sunderland, dakika ya 77, maelfu walisimama wakatoka uwanjani. Timu ilikuwa inaongoza 2–0; ikaisha 2–2. Siku chache baadaye wamiliki, Fenway Sports Group, wakaomba radhi, wakaifuta ile bei, na kiti cha juu kikabaki pauni 59 kwa miaka kadhaa. Bei zilipopandishwa asilimia 2, kisha zikatangazwa kupanda tena asilimia 2 kwa msimu wa 2024/25, wenye bendera wa Kop waliziacha nyumbani siku ya mechi ya Atalanta, Aprili 2024. Uwanja mpya, mkubwa, umejaa, na Kop haina bendera hata moja. Tulifungwa 3–0. Niliitazama mechi ile kwenye mapumziko ya kazini na ilinikaa rohoni kwa siku nyingi. Machi 2025 klabu ikatangaza kwamba bei za msimu uliofuata hazitapanda. Naamini zile bendera zilizobaki nyumbani zilichangia.

Ninayo furaha kubwa kwamba uwanja umepanuliwa, na sitaki mtu anielewe vibaya. Viti elfu tano ni watu elfu tano kila wiki mbili waliokuwa wanatazama kwenye simu. Mimi na mpwa wangu ni wawili kati yao. Kabla ya jukwaa hili nilikuwa naingia kwenye bahati nasibu ya wanachama na kutoka mikono mitupu. Ninachodai ni kwamba viti hivyo visigeuzwe kimyakimya kuwa vya watalii na wageni wa makampuni. Nami natoka mbali, najua. Ndiyo maana naunga mkono tiketi zinazotengwa kwa wakazi wa jiji, hata kama zinapunguza nafasi yangu mimi. Anfield bila watu wa Anfield ningeifuata ya nini?

Wakazi wenyewe wametoa zaidi ya sauti zao. Nyuma ya Jukwaa Kuu, pale kwenye ile njia pana inayoitwa 97 Avenue, ilipo kumbukumbu ya waliofariki Hillsborough, palikuwa na nyumba za watu. Mtaa wa Lothair Road ulibomolewa kupisha ujenzi, baada ya miaka mingi ya nyumba kununuliwa na kuachwa tupu, madirisha yamezibwa kwa mabati, majirani waliobaki wakiishi katikati ya magofu. Ukipita pale ukapiga picha, na nakushauri upige kwa sababu mbele ya Jukwaa Kuu panapendeza, kumbuka umesimama kwenye sebule ya mtu. Upande wa Anfield Road ilibidi barabara yenyewe ikunjwe kuzunguka jukwaa jipya. Nyuma yake kuna bustani ya Stanley Park, na ng'ambo ya bustani iko Goodison Park, ambako timu ya wanaume ya Everton ilicheza mpaka Mei 2025.

Kuhusu chakula, ndani ni vile vya kawaida vya uwanjani, chipsi na pai, bei zake za kiwanjani, na unalipa kwa kadi. Chai ilikuwa moto, chipsi zilikuwa baridi kidogo. Ushauri wangu ni kula nje kabla hujaingia. Karibu na Kop kuna duka la mikate la Homebaked, la ushirika wa watu wa mtaa wenyewe, waliolinusuru jengo lisibomolewe. Tulikula pai ya mboga, ukoko wake mgumu kidogo pembeni na laini katikati, tukasimama nje na watu wengine wenye skafu, na hela ikabaki mtaani. Foleni ni ndefu lakini inatembea.

Kutoka uwanjani ndiko penye tabu. Watu 60,000 wanamiminika kwenye mitaa iliyojengwa kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi wa zamani, na haikupanuliwa pamoja na uwanja. Basi namba 917 linarudi katikati ya jiji, lakini foleni yake inakatisha tamaa. Kuna basi la kwenda stesheni ya Sandhills pia. Sisi tulitembea kwa miguu hadi stesheni ya Lime Street, kama robo tatu ya saa, mteremko karibu njia nzima, na mtoto hakulalamika kwa sababu alikuwa anasimulia goli la Núñez. Usikate tiketi ya treni ya saa moja baada ya mechi. Jipe saa mbili na nusu.

Kama unapanga kwenda, lipia uanachama mapema majira ya joto, ingia kwenye bahati nasibu ya wanachama pindi inapofunguliwa, na ukichaguliwa chagua safu za mwanzo za jukwaa la juu, upande wa Jukwaa Kuu. Mwonekano ni ule ule na ngazi zinapungua. Ukitaka kuimba tisini zote, omba Kop, au jukwaa la chini la Anfield Road lenye viti vyenye vyuma vya kushikilia, vilivyofungwa mwaka 2021. Usinunue kwa mlanguzi wa barabarani wala wa mtandaoni hata akikuapia. Picha ya tiketi uliyotumiwa na mtu haifungui geti la Anfield, na siku ile nilimwona kijana amekuja kutoka nchi nyingine, ana picha kwenye simu, anaigusisha na kuigusisha, na taa haikugeuka kijani.